Likizo ya Mwanafunzi Ughaibuni Inapangwa na Pasipoti

Kila mwaka Februari inapokaribia kwisha, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa vyuo vya Uingereza huchangamka kwa jambo moja: likizo ya Pasaka. Mmoja ameona tiketi ya ndege ya Manchester hadi Barcelona, kwenda na kurudi, kwa pauni 40 hivi, begi la mgongoni tu. Mwitaliano anasema yumo. Mhispania anasema atawatembeza. Mmalaysia anauliza kama hosteli ina jiko. Kabla chai haijapoa, safari imeshapangwa na watu wameshalipa. Mtanzania au Mkenya aliyemo kwenye kundi hilo anaweka alama ya dole gumba, kisha ananyamaza. Wenzake wanadhani hana hela. Pauni 40 anazo. Asichokuwa nacho ni viza, na viza haipatikani mchana mmoja.

Wanaotoa ushauri kuhusu maisha ya chuo nje ya nchi hulichukulia suala la likizo kama hesabu ya matumizi tu: weka akiba, nunua tiketi mapema, lala hosteli, kula vya sokoni. Ushauri mzuri, kwa mtu ambaye pasipoti yake haijawahi kuulizwa maswali. Kwa kijana wa Afrika Mashariki mambo yamepinduka. Yeye, ambaye pengine ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote darasani, anatakiwa apange safari kama tajiri: miezi kadhaa kabla, kwa maandishi, kila usiku uwe na kitanda kinachojulikana, na benki kuwe na salio lililotulia. Ile nafuu ya ujana, ya kudandia ofa ya usiku wa manane na kulala sakafuni kwa rafiki, ndiyo anayonyang'anywa kwanza.

Tumfuate huyo wa Manchester. Ruhusa yake ya kuishi Uingereza haimfungulii hata mlango mmoja wa Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Nchi 29 za eneo hilo zinamtaka viza kama zinavyomtaka ndugu yake aliyeko Tanga au Mombasa. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni yuro 90. Maombi mara nyingi hayapokelewi ubalozini, yanapokelewa na kampuni iliyopewa kazi hiyo, nayo kwa kawaida inaruhusiwa kutoza hadi nusu ya ada ya viza. Hapo tayari inaweza kufika yuro 135, sawa na pauni 115 hivi. Bado bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000. Bado nauli ya kwenda kutoa alama za vidole. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilipanda Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa, na mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa hiyo karatasi peke yake zinakula zaidi ya saa 9 za kubeba boksi, karibu nusu ya wiki yake ya kazi, kabla hajaiona bahari. Tiketi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye safari hiyo. Na akinyimwa viza, ada hairudi.

Halafu kuna muda. Kanuni zinasema ombi la kawaida litolewe uamuzi ndani ya siku 15, na likihitaji uchunguzi zaidi zinaweza kufika 45. Hizo zinaanza kuhesabiwa baada ya ombi kupokelewa. Siku za kusubiri nafasi ya miadi haziingii humo, na misimu ya Pasaka na kiangazi nafasi hizo hugombewa kweli kweli. Ofa za mashirika ya ndege za bei poa zimetengenezwa kwa mtu anayeweza kuamua Jumatatu akaondoka Alhamisi. Anayesubiri bahasha yake irudi ananunua tiketi wiki ya mwisho, kwa bei ya wiki ya mwisho, au anainunua mapema na kucheza kamari na hela ya kodi ya chumba.

Lakini gharama si sehemu inayonikera zaidi. Kinachonikera ni kile ambacho fomu inadhani msafiri halali anafanana nacho. Fomu inataka ujue utalala wapi kila siku. Mwanafunzi anajua: kwa rafiki yake aliyesoma naye kidato cha sita, ambaye sasa yuko Lyon au Lille. Basi, rafiki akupe barua. Ufaransa barua ya rafiki haitoshi. Mwenyeji anatakiwa aende manispaa yake kuomba hati rasmi ya kumpokea mgeni, alipie, na aonyeshe kwamba nyumba yake ina nafasi ya kumlaza mtu kwa heshima. Sasa fikiria mwenyeji huyo naye ni mwanafunzi, chumba chake ni cha bweni, kitanda kimoja na meza. Atakwenda kuieleza nini manispaa? Mwisho wake mgeni anaweka oda ya hoteli ambayo hana nia ya kulala. Biashara nzima imeota kwenye ufa huo, ya watu wanaouza oda za hoteli na tiketi za ndege za kuonyesha tu. Sheria iliyokusudiwa kuwabaini waongo inawafundisha watu wakweli kudanganya kidogo.

Salio nalo ni vilevile. Taarifa ya benki ya miezi mitatu inaombwa ili ijulikane kwamba msafiri atajikimu. Wanafunzi wanajua dawa yake ya kienyeji: marafiki watatu wanamhamishia mwombaji hela, anachapisha taarifa, anawarudishia. Ofisa wa viza anaijua dawa hiyo kuliko wao. Akaunti iliyokuwa na pauni 180 kwa wiki kumi, ikaamka siku moja na pauni 1,500, haimdanganyi mtu ambaye kazi yake ni kusoma akaunti. Ni afadhali akaunti nyembamba yenye mshahara mdogo unaoingia kila mwezi kwa jina la mwajiri yuleyule, pamoja na barua ya chuo inayosema masomo yanaanza tena tarehe fulani. Barua hiyo ya chuo ndiyo karatasi yenye uzito kuliko zote, kwa sababu inajibu swali ambalo ofisa hasa analo kichwani: huyu atarudi?

Kanuni zinampa nafuu mtu aliyekwisha kuaminiwa. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka, na baada ya hiyo ndefu zaidi. Ni utaratibu wa maana kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Ulaya kila msimu. Kwa mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja hauna faida yoyote. Viza tatu atazipatia wapi?

Huyo wa mwaka mmoja ndiye anayebanwa kuliko wenzake wote, na ndiye Mwafrika Mashariki utakayemkuta mara nyingi kwenye vyuo vya Uingereza. Wa shahada ya kwanza akifunga chuo anaruhusiwa kufanya kazi kutwa nzima, akakusanya akiba. Wa uzamili kiangazi chake chote ni cha tasnifu, kinahesabiwa kama muhula, na saa zake zinabaki 20. Anajiambia: nitasafiri nikishakabidhi tasnifu Septemba. Hapo ndipo anapokutana na mtego. Kozi ya miezi 12 au zaidi humpa miezi minne ya ziada baada ya kumaliza, lakini balozi nyingi za Schengen zinataka ruhusa yake ya kuishi Uingereza iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao. Ukitoa miezi mitatu kwenye minne unabaki na dirisha la wiki chache. Na ndizo wiki anazoomba viza ya wahitimu ili abaki kutafuta kazi; akitoka nje ya Uingereza kabla ombi hilo halijajibiwa, linahesabiwa kwamba amelifuta. Kwa hiyo mwenye mpango wa kubaki, safari yake ya Ulaya bara ni Desemba au Pasaka, au haipo.

Nitaje na Ireland, maana imewaponza watu. Ireland haimo Schengen na ina viza yake. Basi la kutoka Belfast kwenda Dublin halisimami mpakani, hakuna kizuizi, na mtu anaweza kudhani yuko safari ya ndani kama Morogoro na Dodoma. Mkenya au Mtanzania mwenye viza ya Uingereza pekee akipanda basi hilo anavunja sheria za uhamiaji, na polisi wa Ireland huwa wanaingia kwenye mabasi hayo kukagua. Anayesoma Dublin akitamani kuiona Belfast, hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili.

Sasa mvukishe kijana huyo huyo bahari, akasome Leipzig, Ujerumani, badala ya Manchester au Leeds. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani pamoja na pasipoti yake ya Tanzania vinamruhusu kutembea nchi nyingine zote za Schengen siku 90 katika kila siku 180, bila kumwomba mtu ruhusa. Prague ni saa chache kwa basi. Vienna, Krakow, Copenhagen, Milano, kote huko ni suala la nauli na hali ya hewa. Tangu Januari 2023 Croatia imo, na tangu Januari 2025 Romania na Bulgaria zimeingia hadi kwa njia ya nchi kavu. Hapa ndipo ule ushauri wa kuweka akiba na kudandia ofa unapoanza kumfaa, kwa sababu sasa na yeye anaweza kuondoka Alhamisi.

Ujerumani kwenyewe kuna tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026, na wanafunzi wa vyuo vingi wanaipata kwa asilimia 60 ya bei. Haipandi treni za kasi. Inapanda zile za mikoa zinazosimama kila kituo, na mwenye subira na sandwichi anaweza kuizunguka nchi hadi Salzburg, ambako tayari ni Austria, bila kuongeza senti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo likizo bora ya mwanafunzi iliyopo Ulaya leo: siku nne, begi moja, marafiki wawili wa Kiswahili wenye kitanda cha ziada, na ratiba inayobadilika njiani.

Ila nisiipake sukari. Ili afike huko alitakiwa kwanza kuonyesha akaunti maalumu iliyozuiwa yenye yuro 11,904 za mwaka, kiwango cha tangu Septemba 2024, anazozitoa yuro 992 kwa mwezi. Kodi ya chumba na bima ya afya vinazimega kabla hajaenda dukani. Tangu Machi 2024 anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, na wengi huzitumia sehemu kubwa kati ya Agosti na Septemba, maghalani na viwandani. Masomo ya darasani ya muhula wa baridi huisha Februari na yanayofuata huanza Aprili, lakini asidanganyike na kalenda: Februari ni mitihani na Machi ni kuandika ripoti za kozi. Nafasi ya kweli ni wiki mbili hivi, na huja wakati nauli ziko chini, kabla watalii hawajaamka.

Naye ana mitego yake. Mkubwa kuliko yote ni kadi inayokwisha muda. Ofisi za wageni za miji mikubwa zimelemewa, miadi hutolewa miezi ijayo, na mwanafunzi hupewa karatasi ya muda ya kumlinda wakati anasubiri. Karatasi hiyo ina aina inayoruhusu kutoka Ujerumani na kurudi, na ina aina isiyoruhusu. Tofauti yake ni kisanduku kimoja kilichotiwa alama kwa kalamu. Watu wamekwenda kuzika wazazi wao na kukwama Nairobi kwa sababu ya kisanduku. Mtego mwingine ni kusahau pasipoti chumbani kwa kuamini kwamba Schengen haina mipaka. Tangu Septemba 16, 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wakipanda basi la kutoka Prague usiku, mweusi aliyekaa katikati hatachelewa kuulizwa. Abebe pasipoti na kadi, vyote viwili, mfuko wa ndani.

Wa Uingereza naye si kwamba hana pa kwenda. Kadi ya punguzo ya treni ya wenye miaka 16 hadi 25 inapunguza theluthi moja ya nauli, na wanafunzi wa kutwa waliovuka umri huo wanaruhusiwa pia, jambo ambalo wanafunzi wetu wa uzamili wenye miaka 35 na familia Mbeya hawaambiwi. Scotland iko wazi, na Wales pia. Zipo pia nchi nje ya Schengen, Albania na Georgia zikiwa mfano, ambazo zimekuwa zikiwapokea wenye viza au vibali vya Uingereza bila kuwadai viza nyingine. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasomwe kwenye tovuti ya serikali husika kabla ya kulipa, na ndege iwe ya moja kwa moja. Fukwe za Albania hazina jina kubwa kama Barcelona. Maji yake ni yale yale ya Mediterania na chakula ni nafuu.

Kitu kingine wachache wanakijua: kanuni za Schengen zinamsamehe ada ya viza mwanafunzi anayesafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Ziara iliyopangwa na idara, yenye barua na ratiba, haidaiwi zile yuro 90. Vyama vya wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenye vyuo hivyo hutumia nguvu zao zote kwenye sherehe za Uhuru na pilau. Sina ugomvi na pilau. Lakini chama kinachoweza kuishawishi idara ya historia au ya uhandisi ipeleke watu kumi kwenye warsha ya siku tano Ubelgiji kingekuwa kimewafanyia wanachama wake jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angeliweza peke yake.

Upande wa nyumbani nao una pasipoti yake, na hiyo hukaguliwa kwenye simu. Kijana amesomeshwa kwa michango, kwa harambee, kwa kiwanja kilichouzwa. Akiweka picha ya Mnara wa Eiffel, shangazi aliyetoa laki mbili anaiona. Ndiyo maana wengi huwaficha ndugu kwenye hali zao za WhatsApp, wakaonekana na Wahispania wa darasani na wasionekane na watu wa ukoo wao. Shangazi ana haki ya kuuliza. Ila swali lake mara nyingi limejengwa juu ya hesabu isiyo sahihi, kwamba mwenye heshima angekuja nyumbani. Nauli ya Desemba ya London hadi Dar es Salaam ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ya safari ya Prague, na nauli ni mwanzo tu. Mabegi mawili ya kilo 23 hayaji yakiwa na madaftari. Viatu, simu, manukato, na bahasha ya wazee. Nimeona wanafunzi wasiorudi nyumbani kwa miaka kwa kuogopa zawadi kuliko nauli. Mtu huyo akitumia yuro 120 kwenda Krakow siku tatu baada ya mitihani, hajala kiwanja cha mtu. Angeitumia hela ya ada ya muhula ujao, ningekuwa upande wa shangazi bila kusita.

Linganisha na wanaokuja kwetu. Mwanafunzi wa Kijerumani akiamua likizo yake iwe Nungwi, anapata viza ya Tanzania kwa dola 50, mtandaoni au akishashuka kwenye ndege, na tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtoza bima ya dola 44. Kenya tangu Januari 2024 imefuta viza na kuweka idhini ya mtandaoni inayoombwa kwa simu. Hakuna anayemuuliza salio la miezi mitatu, wala anayemtaka mwenyeji wake wa Jambiani aende manispaa. Sisemi tuwabane, hoteli zetu zinawahitaji na vijana wetu wanaajiriwa humo. Nasema tumeifungua milango bila kudai chochote mezani. Katika Afrika nzima nchi zilizosamehewa viza ya Schengen ni mbili, Mauritius na Ushelisheli, zote majirani zetu wa Bahari ya Hindi, na zilisaini makubaliano yao na Umoja wa Ulaya mwaka 2009. Kuomba msamaha wa namna hiyo kwa raia wote wa Tanzania au Kenya leo ni ndoto. Kuomba kwamba mwanafunzi aliyesajiliwa, ambaye Uingereza imeshamchunguza hadi kifua chake kwa kipimo cha kifua kikuu, apewe viza ya kuingia na kutoka ya mwaka wake wa masomo, hilo ni ombi dogo ambalo balozi zetu za Brussels zingeweza kulibeba kwa maandishi.

Mpaka hapo, kazi iko kwa wakala wa vyuo wanaojaza kumbi za hoteli Dar es Salaam na Nairobi kila mwaka na vipeperushi vyenye picha za vijana kwenye madaraja ya Ulaya. Mzazi huwauliza ada, bweni na hali ya hewa. Awaulize pia kibali atakachopewa mtoto wake kinafika wapi, kinaisha lini baada ya kozi, na likizo ipi kati ya zile za kwenye kalenda ni likizo kweli. Wakala asiyejua tofauti ya Leeds na Leipzig kwa maswali hayo matatu, asipewe hata senti ya fomu.